Onyesho la farasi la Hungaria: kipi cha kale, kipi cha juzi

Ukikaa Budapest siku mbili tatu wakati wa kiangazi, hukosi kukutana na kikaratasi cha safari ya puszta, yaani nyika tambarare ya malisho. Basi linaondoka asubuhi, mchana mnaangalia onyesho la farasi na kula chakula cha shamba, jioni mmesharudi hotelini. Picha ya mbele ni ile ile kila mwaka: mwanamume aliyevaa nguo pana za buluu amesimama wima juu ya farasi wawili, mguu mmoja huku na mwingine kule, farasi wengine watatu wakiwa mbele yake. Wote watano wanakwenda mbio, na hatamu zao zote ziko mikononi mwake.

Maelezo ya chini ya picha hupenda kutaja mila ya miaka elfu moja, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Ndani ya saa moja ya onyesho lile kuna kazi halisi ya wachungaji wa zamani. Kuna mchezo uliotokana na mchoro wa raia wa Austria. Kuna farasi waliozalishwa kwa ajili ya jeshi la mfalme ambaye Wahungaria wengi hawakumpenda. Halafu kuna vituko vya kumchekesha mgeni tu. Vyote vinapita mbele yako mfululizo, vimevaa nguo moja ya buluu, na msimulizi wa kwenye kipaza sauti hana haja ya kukutenganishia.

Tuanze na ardhi. Mashariki na kusini mwa Budapest, ukivuka Danube kuelekea mto Tisza na kupita, nchi inalala tambarare kabisa. Wenyewe wanaiita Alföld, na sehemu zake zilizobaki malisho bila kulimwa ndizo puszta. Maarufu kuliko zote ni Hortobágy, karibu na mji wa Debrecen. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, ya kwanza Hungaria, na mwaka 1999 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Upande wa kusini wa Budapest, karibu na Kecskemét, kuna Bugac, ambayo imo ndani ya hifadhi ya Kiskunság.

Kwa muda mrefu watu walifundishwa kwamba nyika hii ni kovu la historia. Waturuki wa Osmani walitawala katikati ya nchi kwa takriban miaka 150, vijiji vikahamwa, misitu ikakatwa, na kuanzia mwaka 1846 mto Tisza ukanyooshwa na kujengewa kingo, kwa hiyo mafuriko yaliyokuwa yakilowesha ardhi yakakoma. Yote hayo yalitokea kweli. Lakini watafiti wa udongo na chavua wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya Hortobágy ilikuwa wazi na yenye udongo wa magadi tangu enzi za barafu, kabla hajafika mchungaji yeyote. Binadamu aliipanua na kuikausha zaidi, hakuianzisha.

Udongo wa magadi haufai kwa ngano, unafaa kwa mifugo. Katika karne za 15 hadi 17 utajiri wa nyika hii ulikuwa ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu. Waliswagwa kwa miguu kwa makumi ya maelfu hadi Vienna, Nuremberg na Venice, kulisha miji ya Ulaya iliyokuwa ikikua. Watu waliowaswaga walikaa mbugani miezi mingi bila kuona mji, na kwao ndiko ilikotoka jamii ya wachungaji yenye vyeo vyake. Juu kabisa alikuwa csikós (tamka "chikosh"), mchungaji wa farasi. Akafuata gulyás wa ng'ombe, kisha juhász wa kondoo, na mwisho kondás wa nguruwe. Csikós alijiona bwana kwa sababu yeye peke yake alifanya kazi akiwa juu ya mnyama, na kundi lake likishtuka usiku halikimbiliki kwa miguu.

Kwa hiyo ukijiuliza kama csikós ni mtu wa kweli au mwigizaji tu, jibu ni rahisi: ni wa kweli. Miaka elfu moja ndiyo yenye utata. Mababu wa Wahungaria waliingia katika bonde hili mnamo mwaka 895 wakitokea nyika za mashariki, wapanda farasi na wapiga mishale hodari waliotia hofu Ulaya hadi waliposhindwa na Wajerumani mwaka 955. Baada ya hapo wakawa Wakristo, wakalima, wakajenga miji. Csikós unayemwona leo hakurithi kazi yake moja kwa moja kutoka kwa wapiga mishale wale. Ni mtoto wa biashara ya mifugo iliyokuja karne nyingi baadaye. Maonyesho mengine huweka mpanda farasi anayetupa mishale, na huo ni ufundi uliofufuliwa mwishoni mwa karne ya 20, hasa kwa juhudi za Lajos Kassai, aliyejifundisha mwenyewe na kuugeuza kuwa mchezo wa mashindano. Ni mzuri kuutazama. Ila kati yake na mababu wale kuna karne nyingi za ukimya.

Mjeledi, tandiko na farasi anayelala

Onyesho kwa kawaida hufunguliwa kwa mjeledi. Una mpini mfupi wa mti na mkia mrefu wa ngozi iliyosukwa, mnene karibu na mpini, ukipungua hadi kuishia kwenye kishungi cha manyoya ya mkia wa farasi. Csikós anauzungusha juu ya kichwa na unalia kama bunduki. Mlio ule hautokani na kupiga kitu. Wimbi linalosafiri kwenye mkia wa ngozi linaingia sehemu nyembamba zaidi na zaidi, kasi inaongezeka, hadi ncha inapita kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde. Unachosikia ni hewa inayopasuka. Kwa kazi ya mbugani hiki kilikuwa chombo cha kusemea na kundi: mlio upande wa kushoto, farasi wanakata kulia. Mchungaji aliyempiga farasi wa tajiri yake hadi kumjeruhi alikuwa na kesi ya kujibu.

Kisha linakuja tandiko, na hapa nakushauri uweke simu mfukoni uangalie kwa macho, kwa sababu wageni wengi hawaligundui. Tandiko la Hortobágy, linaloitwa patrac, ni kipande cha sufu iliyogandamizwa kilichoshonewa ngozi, chenye vikuku viwili vya kukanyagia vinavyoning'inia. Halina mkanda wa kulifunga tumboni mwa farasi. Linakaa pale kwa uzito wa mpandaji na usawa wake tu. Ukiegemea kikuku kimoja ili upande, kama wanavyopanda watu wengine wote duniani, tandiko litazunguka na wewe utakuwa chini. Csikós hurukia juu kwa mwendo mmoja, au husawazisha uzito wake kwa namna ambayo mtazamaji haioni. Mwisho wa zamu yake hulivuta tandiko kwa mkono mmoja akalionyesha kwa watu, halafu akalirusha mgongoni tena. Sababu ya ubunifu huo ni haraka. Kundi likitimka, mtu hana muda wa kufunga vifungo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kale na ya kweli kuliko zote katika onyesho, na ndiyo inayopigiwa makofi machache.

Halafu farasi analala. Csikós anashuka, anagusa mguu wa mbele, anavuta hatamu kidogo upande mmoja, na mnyama wa zaidi ya kilo 500 anapiga magoti, anajilaza ubavu, kichwa chini. Mtu anasimama juu ya ubavu wake na kupasua mjeledi kulia na kushoto, na farasi hata sikio halitikisi. Ili kuelewa uzito wa jambo hili ni lazima ukumbuke farasi ni mnyama anayewindwa. Husinzia akiwa amesimama, mifupa na kano za miguu yake zikijifunga zenyewe, na hujilaza kwa muda mfupi tu, pale anapohisi usalama, kwa ajili ya usingizi mzito. Kumlaza mbele ya umati, chini ya milio ile, kunahitaji mafunzo marefu tangu akiwa mdogo.

Kwa nini walifundishwa hivyo? Msimulizi atakuambia: ili kujificha. Nyika haina mti wala kilima, kwa hiyo majambazi wa mbugani walioitwa betyár, na baadaye wapiganaji wa vita vya uhuru vya 1848 na 1849 dhidi ya utawala wa Habsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, waliwalaza farasi ili askari wasiwaone kwa mbali. Betyár walikuwepo kweli. Sándor Rózsa, maarufu kuliko wote, alizaliwa 1813, alipigana upande wa Wahungaria katika vita hivyo, na alikufa gerezani mwaka 1878. Tena katika ardhi tambarare kiasi kile, farasi aliyelala anatoweka kwenye upeo wa macho, kwa hiyo hadithi haipingani na akili. Lakini mchungaji wa kawaida, asiyefukuzwa na mtu, alikuwa na sababu zake pia. Farasi aliyelala ni ukuta wa upepo, ni kivuli mahali pasipo na kivuli, na ni joto usiku wa baridi. Sababu hizi hazina mapambo ya kutosha kwa kipaza sauti.

Yupo pia farasi anayekaa kitako kama mbwa. Hapo usitafute historia, ni kituko. Na mzee anayekuja na punda mkaidi ni wa kuwachekesha watoto, na watoto hucheka kweli.

Farasi watano na mchoro mmoja

Sasa turudi kwa yule wa kwenye kikaratasi. Mchezo wenyewe unaitwa puszta-ötös, watano wa puszta, na wajuzi huuita pia watano wa Koch. Ludwig Koch alikuwa mchoraji wa Austria, aliyezaliwa 1866 na kufa 1934, mpenzi mkubwa wa farasi. Alichora mpanda farasi wa Hungaria akiwaendesha farasi watano kwa kusimama juu ya wawili wa nyuma. Hakuwa ameona mtu akifanya hivyo, aliwaza tu kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mhungaria mmoja, Béla Lénárd, akaamua kujaribu kile kilichochorwa, akafanikiwa. Kutoka hapo mchezo ukaenea, na leo wapo wanaoendesha farasi kumi na zaidi kwa mtindo huo.

Yaani alama ya safari nzima, ile iliyoko kwenye kadi za posta na kanga za meza, haijatimiza hata miaka mia moja, na ilitoka kwenye kichwa cha mtu wa Austria. Wapo wanaosikia hili wakahisi wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi sioni hivyo. Ukikaa karibu na uzio utaona jinsi kazi ilivyo. Farasi wawili wa nyuma wamefungwa pamoja ili wasiachane, maana wakiachana mtu anapasuka katikati. Wamechaguliwa kwa urefu na hatua zinazolingana. Mwanamume anasimama nyuma kwenye viuno vyao, hana tandiko, magoti yake yamekunjwa na yanameza kila hatua, huku kiwiliwili kimetulia. Wakikata kona, farasi wa ndani lazima apunguze na wa nje aongeze, na amri zote mbili zinatoka kwenye vidole. Kuna wakati anapita mbele yako kwa kasi kamili, na upepo wa nguo zake unaufikia uso wako. Koch alitoa wazo, lakini wazo haliwezi kusimama juu ya farasi. Lilihitaji watu ambao tayari walikuwa na karne nyingi za kuzoeana na wanyama hawa.

Vipindi vya historia hii haviji kimoja kimoja, vinapandana. Miaka ile ile ya mwanzo wa 1950, serikali ya kikomunisti ilikuwa ikiwahamishia Hortobágy kwa nguvu maelfu ya watu, familia nzima nzima, wengi wao kutoka maeneo ya mpaka wa Yugoslavia. Waliwekwa kwenye mazizi ya kondoo na kufanyishwa kazi kwenye mashamba ya serikali. Kambi zilifungwa mwaka 1953. Onyesho haligusi habari hii, na labda si mahali pake, lakini mbuga ni ile ile unayozungushwa ndani ya gari la farasi.

Farasi wenyewe

Farasi weusi au wa kahawia iliyokoza unaowaona Hortobágy kwa kawaida ni wa aina ya Nonius. Shamba la kuzalishia farasi la Mezőhegyes, kusini mashariki mwa nchi, lilianzishwa mwaka 1784 kwa amri ya Kaisari Joseph II, ili jeshi la Habsburg lisiendelee kununua farasi nje. Dume aliyeanzisha ukoo, Nonius, alizaliwa Normandy nchini Ufaransa mwaka 1810, akachukuliwa na majeshi yaliyomshinda Napoleon, akafika Mezőhegyes mwaka 1816. Kumbukumbu zinamweleza bila huruma: kichwa kikubwa, macho madogo, masikio marefu, shingo fupi. Hakuna aliyemtazamia makuu. Watoto wake wakatoka wenye nguvu, watulivu, wavumilivu, wanaofaa kuvuta mizinga na kulima. Ni kwa utulivu huo ndiyo maana leo wanalala chini ya mjeledi.

Basi fikiria: msimulizi anasema farasi alifundishwa kulala ili askari wa Habsburg asimwone, na farasi mwenyewe ni zao la shamba la Habsburg, kwa baba Mfaransa. Shamba lingine la aina hiyo, Bábolna, lilizalisha ukoo wa Shagya kutokana na dume wa Kiarabu aliyenunuliwa kwa Mabedui wa Syria mwaka 1836. Uhungaria wa farasi hawa uko katika mikono iliyowalea.

Hata chakula utakacholetewa baadaye kina hadithi ya namna hiyo. Supu nzito ya gulyás ilikuwa mlo wa wachungaji wa ng'ombe, ikipikwa kwenye chungu cha chuma kilichoning'inizwa juu ya moto. Paprika inayoipa rangi ilitoka Amerika, na wakulima wa Hungaria wakaizoea katika enzi za Waturuki. Chapati laini iliyojazwa nyama, Hortobágyi palacsinta, haina uhusiano wowote na wachungaji wa Hortobágy. Ilibuniwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Brussels ya mwaka 1958. Ni tamu, kula tu.

Ng'ombe wa kijivu nao huletwa, wanne wamefungwa nira, wakitembea taratibu kana kwamba wao ndio wamelipiwa tiketi. Nusura wapotee kabisa katika miaka ya 1960, trekta lilipochukua kazi yao. Ndama wao huzaliwa wekundu, ukijivu huja baadaye.

Ukitaka kwenda

Kama huna muda, nenda Domonyvölgy karibu na Gödöllő, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Budapest. Huko kuna bustani ya farasi ya ndugu wa Lázár, Vilmos na Zoltán, waliowahi kuwa mabingwa wa dunia wa kuendesha magari ya farasi. Kila kitu kimepangwa vizuri, labda vizuri mno. Bugac ina upana zaidi na vumbi la kweli. Hortobágy ni mbali, saa mbili na zaidi kwa gari, lakini ndiko unakoona nyika yenyewe, daraja la mawe lenye matao tisa lililokamilika mwaka 1833, na, kwenye eneo la Pentezug, farasi mwitu wa Przewalski walioletwa tangu 1997. Vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma Chuo Kikuu cha Debrecen wana bahati, kwani treni ya abiria inawafikisha kijijini Hortobágy bila kupitia kwa wakala yeyote.

Mambo mawili kuhusu meza. Mgeni hupokewa kwa kiglasi cha pálinka, pombe kali ya matunda, pamoja na vimkate vya chumvi. Asiyekunywa aseme mapema ataletewa juisi, wala hakuna anayenuna. La pili ni gulyás. Nyama yake kwa kawaida ni ya ng'ombe, lakini vitunguu vyake kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa Mwislamu, kuuliza "ni nyama gani" hakutoshi, uliza na mafuta. Ukienda na kundi, mwenye kuandaa safari apige simu siku moja kabla, maana chungu huanza kuchemka asubuhi.

Kuhusu hali ya wanyama, nao wanastahili kuangaliwa. Tazama masikio: yakilazwa nyuma muda wote, farasi hana raha. Tazama pembe za mdomo kama zina vidonda, na kama jasho limekauka kabla hajaitwa kwa onyesho la pili la siku. Baada ya onyesho wachungaji hubaki uani kwa muda wakifungua hatamu, na wengi hawakatai maswali hata kwa ishara za mikono. Waulize farasi analazwa kuanzia umri gani, na anafanya maonyesho mangapi kwa siku. Mwenye kuwatunza vizuri atakujibu kwa kirefu mpaka basi likupigie honi.

Msimu unaanza mwezi wa Aprili. Kwa kalenda ya wachungaji, mifugo hutolewa malishoni siku ya Mtakatifu George, tarehe 24 Aprili, na kurudishwa zizini siku ya Mtakatifu Demetrius, tarehe 26 Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na kivuli hakuna, beba kofia na maji. Oktoba kuna baridi asubuhi, lakini makumi ya maelfu ya korongo hutua Hortobágy wakielekea kusini. Baada ya hapo maonyesho mengi husimama hadi masika, kwa hiyo hakikisha tarehe kabla hujakata tiketi.